Nisimulie Jana Yako, Nikupe Simu

Wiki niliyokabidhi funguo za duka, meneja wetu Erasto aliniomba niwaandikie ninyi mnaobaki kaunta mambo mawili matatu ya kuwasaidia kazini. Nilimuuliza anataka kurasa ngapi, akajibu, "Chache tu, Mama." Kijana amefanya kazi nami miaka yote hiyo na bado hajanijua. Basi kaeni vizuri. Vyeo sitavitaja, maana kikubwa nilichowahi kupewa kilikuwa kuaminiwa kushika kufuli la mlango wa nyuma. Mshahara ndiyo kabisa, mnaujua, na asiyeujua asinifanye nianze kuhuzunika. Nitaandika jinsi ya kumchagulia mtu simu, kazi ambayo watu wengi wanadhani ni kusoma maandishi yaliyo kwenye boksi.

Nilianzia Iringa, mitaa ya Miomboni, kwenye kibanda cha Mzee Chengula. Yeye alikuwa fundi wa redio na saa, simu zilimkuta akiwa tayari na miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso. Mimi nilikuwa mama wa watoto wawili, nimeuza nyanya na vitunguu Kihesa mpaka mabega yamekataa. Siku ya kwanza alinipa bisibisi ndogo kama kijiti cha meno na mswaki uliokwisha manyoya, akasema nisafishe vumbi kwenye vitufe vya simu zote zilizokuwa kwenye sanduku. Niliudhika. Nilidhani nimekuja kuuza, siyo kuosha meno ya simu. Lakini kufikia jioni nilikuwa najua kila simu inavyofunguka, inavyovunjika na inavyokufa, na ujuzi huo sijaupata kwenye semina yoyote kati ya zile mlizonipeleka baadaye zenye chai na maandazi.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri kutoka vijiji vya juu. Aliingia, akatusalimu "Kamwene," akasema anataka simu. Nikamrukia. Nilimweleza milio yote, michezo yote, taa, kikokotoo, saa ya kuamsha. Nilizungumza mpaka midomo ikakauka. Yule baba akanishukuru kwa adabu, akachukua kofia yake, akaelekea mlangoni. Mzee Chengula hakuinua kichwa kutoka kwenye redio aliyokuwa anaifungua. Alimuuliza tu, "Mwinjilisti, jana ulikuwa wapi?"

Mwinjilisti akasimama. Akasema jana alipanda kumwona mgonjwa, akalala huko, na huko hakuna umeme, na kabla ya hapo alikuwa kwenye msiba kijiji kingine, nako hakuna umeme, na mvua ilimpiga njia nzima. Mzee akafungua droo, akatoa simu ya hovyo kuliko zote, nene, isiyo na urembo wowote, ila betri yake ilikuwa inakaa na chaji mpaka unaisahau. Mwinjilisti aliinunua papo hapo. Alipotoka, Mzee akaniambia, "Emi, ukimuuliza mtu anataka nini, atakutajia simu ya shemeji yake. Muulize jana yake. Huko ndiko simu itakakoishi."

Tangu siku hiyo sijawahi kumuuliza mteja anataka simu gani. Nimewauliza jana zao. Wengine waliniona mbea, na sikatai kwamba kazi hii ilinipa habari nyingi za mjini bila kuzitafuta.

Mume wangu alipohamishiwa Mbeya nilimuaga Mzee Chengula nikilia waziwazi, sioni aibu kusema. Yeye hakulia. Aliniangalia kwa miwani zote mbili, akanipa kiti chake cha kukunja, kile alichokuwa anakitoa nje ya kibanda kila kukicha kwa sababu juani ndiko anakoona nyaya vizuri. "Wateja wako waketi hapa," alisema. Sikuelewa maana yake. Nilikifunga kwa kamba juu ya mizigo, kikafika Mbeya kikiwa kimepinda mguu mmoja, na mguu huo umepinda mpaka leo.

Nikaajiriwa hapa Mwanjelwa. Miaka ya mwanzo tuliuza viswaswadu, simu ndogo za vitufe, kisha zikaingia simu za kupangusa, na hapo ndipo nilipoelewa kile kiti. Ndani ya duka kila kioo kinang'aa. Taa zetu ni nyeupe, kaunta ni ya kioo, hata simu ya bei ya chini inapendeza kama bibi harusi. Lakini nani anaishi dukani? Watu wetu wanaishi shambani, sokoni, juu ya pikipiki, kwenye foleni ya hospitali. Nikakiweka kiti nje ya mlango, upande wa jua, nikaweka sharti: hakuna simu inayolipiwa kabla mteja hajaketi pale na kusoma ujumbe mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Pembeni yake niliweka bakuli la maji. Mteja analowesha kidole gumba, anajaribu kuandika jina lake. Mwanzoni wenzangu walinicheka sana kwa lile bakuli. Mmoja aliniuliza kama nabatiza.

Kuna mchimba dhahabu mmoja wa Makongolosi alikuja amevaa mnyororo shingoni na amekwisha kuamua: anataka simu yenye memori kubwa kuliko zote. Nikamuuliza jana yake. Kumbe mchana kutwa yuko chini ya shimo, simu anamwachia mama lishe juu, na mama lishe ndiye anayepokea, anayejibu na anayemsomea ujumbe jioni. Nikamwambia simu hiyo basi ni ya mama lishe, aje naye tumpimie. Alicheka mpaka akashika kaunta. Wiki iliyofuata alimleta kweli, na baadaye nikasikia wameoana, ingawa kwa hilo duka halikudai chochote.

Sasa nije kwa Tusekile, maana ndiye aliyenifanya nikubali kuandika haya.

Alikuja asubuhi moja ya baridi, mwanamke wa makamo ya thelathini na kitu, kitenge kimefungwa vizuri, miguu ikiwa na ule wekundu wa tope usiotoka hata ukiusugua kwa jiwe. Ameongozana na mzee mrefu mwenye koti la suti, Mzee Mwaipopo. Walitoka Ubaruku, kwenye mpunga. Mzee alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, Tusekile alikuwa katibu.

"Tumekuja kuchukua simu ya kikundi," Mzee Mwaipopo alianza, na tayari kidole chake kilikuwa juu ya kioo cha kaunta, kinaelekea kwenye simu kubwa kuliko zote, ile yenye kamera nne nyuma na kioo kilichopinda kingoni. "Hiyo. Simu ya kikundi lazima ionekane."

"Mzee wangu, ni ya kufanyia nini?"

"Ya imeli."

Nikawaomba waketi, nikamwomba Tusekile anieleze. Alieleza kwa sauti ya chini, akiangalia mikono yake. Kulikuwa na mnunuzi wa Dar es Salaam mwenye maduka ya vyakula, anayelipa vizuri kuliko madalali wanaosubiri pembeni ya shamba. Mnunuzi huyo hapigi simu. Anatuma barua pepe kwa vikundi vingi kwa pamoja: anataka mchele kiasi fulani, wa aina fulani. Kikundi kitakachowahi kujibu, kikatuma picha ya mchele ukiwa kwenye mzani, ndicho kinachopata oda. Msimu uliopita Tusekile aliwashawishi wenzake wasiuze, watunze mpunga ghalani wakisubiri barua hiyo. Barua ikaja. Ila anwani yao ilikuwa imefunguliwa na kijana wa steshenari moja, akaweka namba yake mwenyewe na neno la siri alilolijua yeye tu. Kijana akahamia Makongolosi kutafuta dhahabu, na neno la siri akaondoka nalo kichwani. Walipompata alikuwa ametoka shimoni, walipofungua barua, oda ilishachukuliwa. Madalali wakajua kwamba ghala limejaa na watu wana njaa ya fedha za shule. Wakanunua kwa bei ya kutupa.

"Wamenipa msimu mmoja wa mwisho," Tusekile alisema. "Nikikosa tena, kila mtu anauza kivyake na kikundi kinakufa. Na mimi, Mama, sitakuwa na sura ya kuchotea maji kwenye ule mfereji."

Mzee Mwaipopo alitazama pembeni. Niliona kwamba hakuwa anamtisha. Alikuwa anaogopa pamoja naye, ila yeye alikuwa na koti la kuficha woga.

"Nisimulie jana yako," nikamwambia Tusekile.

Akanitolea macho, kisha akasimulia. Aliamka saa kumi alfajiri. Alikuwa shambani kabla jua halijatoka, ndani ya maji mpaka magotini, mikono yote tope. Mchana jua lilikuwa utosini na hakuna hata mti. Simu yake ya zamani alikuwa ameifunga ndani ya mfuko wa nailoni, akaifunga tena kwenye pindo la kanga. Nyumbani kwake hakuna umeme; simu inachajiwa kwenye mashine ya kukoboa mpunga, ikipelekwa jioni inachukuliwa alfajiri. Mtandao hapo shambani upo? Upo, alisema, ukisimama kwenye tuta la mfereji.

Nikamwambia Mzee Mwaipopo, kwa heshima zote, kwamba ile simu ya kamera nne siwauzii.

Erasto alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia anavuta pumzi. Mtamkumbuka Erasto wa siku zile, alikuwa bado na tai. Alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Mama Kikoti, mteja amekuja na hela, ameshachagua." Nikamjibu kwamba amechagulia ukumbi wa mkutano, hajachagulia shamba. Nikaenda droo ya chini, nikatoa simu ya kuonja.

Wengine wenu mmeikuta, lakini hamjui ilivyopiganiwa. Simu ya kuonja ilikuwa simu moja ya kupangusa iliyotumika, ya kawaida tu, niliyomwomba Erasto tuwe tunawaazima wateja wagumu waende nayo kwao, waone maisha yake huko, kisha warudi tuchague ya kununua. Alinikatalia mara nyingi, akisema itaibwa. Nami nikamwambia kwamba mtu anayetoka Ubaruku na mwenyekiti wake na jina la kikundi hawezi kuiba simu iliyopasuka kona. Haikuibwa hata siku moja. Ilirudi na tope, ilirudi na harufu ya samaki, safari moja ilirudi na picha za harusi nzima, lakini ilirudi.

Kabla hawajaondoka nikamfungulisha Tusekile anwani mpya. Nasema nikamfungulisha, sikumfungulia. Hapa naomba msome taratibu. Mteja akisema "nifungulie wewe, mimi sijui," weka mikono yako nyuma ya mgongo. Tusekile aliandika kwa kidole chake, akakosea, akafuta, akaandika tena, foleni ikarefuka mpaka nje na watu wakaanza kuguna. Akaweka namba yake. Neno la siri akalitunga akiwa ametupa kisogo sote, hata mwenyekiti wake, aliyekohoa kuonyesha kwamba hakupendezwa. Akamwandikia mnunuzi kumpa anwani mpya, mnunuzi akajibu kwamba ameipokea. Tukakubaliana kwamba nitakuwa namtumia barua pepe saa yoyote nitakayojisikia, naye ajibu mara tu ikimfikia. Hicho ndicho kilikuwa kipimo changu.

Nikatuma asubuhi. Kimya. Nikatuma mchana. Kimya. Jioni sana majibu yakaja yote kwa mkupuo: "Nimepata Mama." "Nimepata Mama." Kesho yake vilevile. Kwa mwendo huo oda ingeenda kwa kikundi kingine na Tusekile angekuwa bado anasafisha jembe. Erasto alisema ni mtandao wa kule. Niliomba ruhusa, nikapanda basi mpaka Igawa, nikaingia Rujewa, nikachukua bodaboda ya kunifikisha Ubaruku, ambayo dereva wake aliendesha kana kwamba anachelewa ubatizo wake.

Nilimkuta Tusekile majini, kama alivyosimulia. Akafurahi, akanishukuru, "Ndaga fijo kwa kuja, Mama," akanifuta sehemu ya kukaa kwenye tuta. Nikatoa simu yangu. Mtandao ulikuwa umejaa kuliko hata Mwanjelwa. Nikamwandikia barua pepe pale pale, yeye akiwa mbele yangu, karibu kiasi cha kumrushia jiwe dogo. Nikaituma. Tukasubiri. Kwenye pindo la kanga yake hakukulia kitu.

"Hebu niione."

Akafungua fundo, akafungua nailoni. Data ilikuwa imezimwa.

"Mbona umezima?"

Alishangaa swali langu. "Si natumia asubuhi na jioni? Nikimaliza nazima. Bando la kikundi hilo, Mama. Mwenyekiti ndiye anayesimamia."

Nilikaa pale kwenye tuta nikajicheka mwenyewe. Sote tunafanya hivyo, kuanzia Tunduma mpaka Mafinga. Data kwetu ni jiko la mkaa: unawasha, unapika, unazima haraka usije ukaunguza bure. Nimeuza simu miaka yote hiyo nikiona watu wakizima data mlangoni mwa duka langu, na haikunijia akilini kwamba barua pepe inabisha hodi kwenye nyumba iliyofungwa. Simu ya kupiga ikizimwa data inalia. Barua pepe hailii.

Mzee Mwaipopo alifika akiwa na koti lake lile lile, kule shambani. Nikamweleza. Hakukasirika. Alichukua simu, akawasha data mbele yangu, akaninyooshea kioo. Barua zangu ziliingia, ndiyo. Zikafuatwa na video ya kipaimara, video ya mchungaji, video ya mbuzi anayecheza, picha za msiba, programu kadhaa zikaanza kujisasisha zenyewe. Kabla hatujamaliza kusalimiana ukaja ujumbe kwamba bando limekwisha.

"Umeona, Mama Kikoti?" alisema. "Hilo lilikuwa la wiki nzima. Nikiacha wazi, wanachama wanachangia mbuzi kucheza."

Na alikuwa sahihi. Katibu yuko sahihi kwamba data ni ghali, mwenyekiti yuko sahihi kwamba ikiachwa wazi inaliwa, na barua ya mnunuzi inapita katikati yao. Njia nzima ya kurudi Mbeya sikulala. Nilikuwa na furaha, mniamini, furaha ya fundi aliyeona waya uliokatika. Sikuwa natafuta tena simu kubwa wala ndogo. Nilikuwa natafuta simu inayoweza kufunga milango yote na kuacha mmoja.

Nikaomba waje tena dukani. Niliweka kaunta simu ambazo zina sehemu ya kubana data: unafungia programu zote zisivute chochote mpaka uzifungue mwenyewe, kisha unairuhusu barua pepe peke yake ipite muda wote. Ile ya kamera nne nayo ilikuwa na uwezo huo, kwa hiyo nikaiweka pamoja na nyingine. Sikutaka mwenyekiti aseme nimemficha mchumba wake.

"Mzee wangu, keti kwenye kiti cha jua."

Akaketi kwenye kiti cha Mzee Chengula, koti likagusa chini. Nikampa ile kubwa, imefunguliwa kwenye barua niliyomtumia.

"Nisomee."

Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akageuka kushoto. "Naona kichwa changu," alisema hatimaye.

"Lowesha kidole."

Akachovya kwenye bakuli, akagusa kioo pale kilipopinda. Simu ikafungua kamera, ikampiga picha ya pua. Watu waliokuwa wanasubiri walicheka, na yeye mwenyewe, Mungu ambariki, akacheka kuliko wote. Nikampa ya pili, kioo chake kilikuwa kizuri ila betri isingevuka adhuhuri kwa mtu anayeamka saa kumi. Ya tatu ilikuwa simu ya wastani, kioo bapa, mgongo wa plastiki usioteleza, betri nene, laini mbili, nafasi ya kutosha kufungua mkataba na kuutunza, kamera moja yenye akili zake. Akaisoma barua yangu juani kwa sauti ya mtu anayesoma somo kanisani, mpaka neno la mwisho. Akalowesha kidole, akaandika "Mwaipopo" bila kukosea.

Akaigeuza, akaitazama mgongo. "Ni ndogo," alisema.

"Mwenyekiti," Tusekile alisema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomsikia akipaza sauti, "mimi ndiye nitakayekaa nayo majini. Naomba hii."

Mzee alimkabidhi Tusekile ile simu. Kisha akasema, "Basi iwe na kava jekundu. Simu ya kikundi lazima ionekane."

Nilimtafutia kava jekundu kuliko yote sokoni Mwanjelwa. Tusekile akafunga milango yote ya data kwa kidole chake, mmoja mmoja, huku mwenyekiti akihesabu kwa furaha isiyo ya kawaida kila alipomfungia mbuzi. Wakabakiza mmoja. Tukaijaribu: mimi nikatuma kutoka chumba cha nyuma, ikalia mlangoni. Nikatuma tena, ikalia. Mzee Mwaipopo akaomba nitume mara nyingine, kwa ajili ya kusikia tu.

Kisha wakarudi Ubaruku, nami nikakaa na wasiwasi wangu. Siwadanganyi kwamba nililala vizuri. Nilikuwa nimemkatalia mtu simu aliyoitaka, nimemzungusha huku na huko, na kama barua ingepita tena, kikundi kingekufa mikononi mwangu. Erasto aliniuliza kila asubuhi, "Wamekujibu wale?" na kila asubuhi nilimwambia akapange chaja.

Siku ilipofika ilikuwa mchana, jua kali. Simu ya kaunta iliita, nikasikia sauti ya mwanaume anayehema.

"Mama Kikoti. Imelia."

"Nani mwenzangu?"

"Mwaipopo. Imelia shambani. Katibu ameisoma akiwa majini. Hatujaipeleka popote, Mama, ameisoma humo humo majini."

Alinisimulia huku bado anahema. Tusekile alikuwa ametoka kwenye maji na kupanda tuta, amejipangusa gumba kwenye kitenge, akajibu kwamba mchele upo. Mwenyekiti, na koti lake, alikimbia mpaka ghalani kuwaambia waweke gunia la mchele mzanini. Katibu akaja nyuma yake, akapiga picha, akatuma. Jibu la mnunuzi lilirudi wakiwa bado wamesimama kwenye mzani: wao ndio wa kwanza, oda ni yao, malori yanakuja. Nyuma ya sauti ya Mzee Mwaipopo nilisikia vigelegele vya wanawake, virefu, visivyokatika. Nikamwekea Erasto mkonga wa simu sikioni asikilize. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda droo ya chini, akaitoa ile simu ya kuonja, akaifuta kwa tai yake. Hakuwahi kuikataa tena, na sasa mnazo tano.

Kwa hiyo mkiulizwa simu nzuri ya barua pepe na mtandao wa kila siku ni ipi, msitaje jina. Majina yanabadilika kabla hamjamaliza kubandika bei. Ulizeni jana. Mketisheni mtu juani. Mlowesheni kidole. Ulizeni anachaji wapi na nani anashika bando, kisha mikono nyuma ya mgongo mpaka amalize kuandika neno lake la siri. Kiti nimewaachia, ule mguu msiunyooshe, utakatika.

Nami niliagwa vizuri. Mliniwekea keki, Erasto akatoa hotuba ndefu, na katikati ya hotuba mkoba wangu ukalia. Wote mkanigeukia kwa macho ya lawama. Nikaomba radhi, nikafungua, kisha nikampa Erasto aisome badala ya hotuba yake. Mlisikia, lakini wengine mlikuwa kwenye keki, kwa hiyo naiandika hapa kama ilivyokuja kutoka Ubaruku, kwa kidole chake mwenyewe.

"Shikamoo Mama. Wamesema leo ndiyo mwisho wako kazini, nikaona nikusimulie jana. Niliamka saa kumi. Tulipakia malori mpaka jua likazama, mnunuzi ni yule yule, na msimu huu hata watu wa ng'ambo ya mfereji wamejiunga nasi. Mwenyekiti amenunua koti jipya, la zamani amelivisha sanamu la kufukuzia ndege. Jioni nilichota maji mferejini na wenzangu, tukakaa tukapiga soga mpaka giza. Simu iko hapa kwenye kanga. Data sijazima."